Mwanagenzi wa Muziki na Kompyuta ya Linux

Mwanamuziki abonyezapo kinanda hutarajia kusikia sauti papo hapo. Ikichelewa, vidole na masikio hupotezana, na mdundo huharibika. Katika kompyuta, sauti husafirishwa kwa mafungu ya sampuli. Pale ambapo sampuli 48,000 hupita kwa sekunde, fungu la sampuli 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 21 hivi. Fungu la 256 huichelewesha kwa milisekunde 5 tu, muda ambao sauti hupita hewani masafa yasiyofika mita 2. Lakini fungu likiwa dogo mno, kompyuta hukosa nafasi ya kulijaza, na sauti hukatikakatika.

Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hupatikana bure, pamoja na programu zake nyingi za muziki. Yamkini ingemfaa zaidi kijana asiye na fedha za kununulia leseni. Hata hivyo, kwa miaka mingi yeye ndiye aliyefungiwa mlango. Kabla ya kurekodi wimbo kwa programu ya Ardour, alipaswa kuwasha mtambo wa JACK, kuchagua mwenyewe ukubwa wa fungu, na kujipatia ruhusa maalumu. Na JACK ilipokwisha kushika kadi ya sauti, mara nyingi programu nyingine zilikuwa bubu. Wengi walikata tamaa kabla ya kusikia noti moja.

Mafundi hawakulala. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, iliunganisha kazi hizo, na mwaka 2021 Fedora 34 iliifanya kuwa mhudumu wake wa kawaida wa sauti. Kilichobaki sasa ni lugha na mpangilio zaidi kuliko ufundi.

Wapo washikiliao kwamba mwanagenzi hana budi kuyajua mambo ya ndani kwanza. Kuyajua ni kwema, ila si mwanzoni: mtoto hupiga ngoma kabla ya kujifunza kuiwamba. Yafaa programu ijipimie kompyuta, ichague fungu linalofaa, itaje ucheleweshaji kwa milisekunde, na ieleze hitilafu kwa maneno yanayoeleweka. Mipangilio ya kina isiondolewe, bali imngojee atakayeihitaji. Bila hayo, chombo kilichotolewa kwa wote kitaendelea kuwa mali ya mafundi wachache.