Kabla ya Kuiuza Pikapu ya Marehemu Baba

Jamaa zangu wa Maskati, Dubai na London, nimezisoma rai zenu, na wengi wenu mmeafikiana: pikapu ya marehemu baba, ya mwaka 1984, haiwaki tena, basi iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi naipinga rai hiyo, wala si kwa mapenzi peke yake. Naipinga kwa kuwa iliamuliwa kabla ya gari kupimwa.

Tazameni yaliyopita. Fundi wa kwanza aliweka betri mpya, gari halikuwaka. Wa pili akabadilisha stata, tukalipa, halikuwaka. Wa tatu akatikisa kichwa, akasema limezeeka. Huo si uchunguzi. Ni kubahatisha kwa fedha za watu.

Baba, aliyejifunza ufundi Unguja kabla ya 1964, hakuwa akishika spana kabla ya kusikiliza. Ukigeuza ufunguo, gari lenyewe linasema. Likinyamaza kabisa, na taa za dashibodi zisiwake, shaka iko kwenye betri, fyuzi au swichi. Likilia "tak" na stata isizunguke, mara nyingi umeme haufiki wa kutosha. Likizunguka vizuri bila kushika, hapo ndipo utafute moto kwenye plagi na petroli kwenye kabureta. Kuifungua kabureta kabla ya hapo ni kujichosha, na baba angekucheka mbele ya wageni.

Letu lilikuwa likilia "tak". Ijumaa iliyopita nikachukua kipima volti. Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.6, yaani imejaa. Kisha nikaweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa cha hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, mpwa wangu akageuza ufunguo. Waya ukiwa mzima, kipimo hakipaswi kufika hata nusu volti. Nilisoma 3. Waya mnene uendao kutoka betri hadi injini, ambao hakuna fundi aliyeutazama, ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake zuri. Hewa ya chumvi ya Matrah haina huruma.

Waya mpya haukufikia bei ya chakula cha mchana. Gari liliwaka mara ya pili, kwa moshi mwingi.

Wanaotaka kuuza wana hoja zao: breki ni dhaifu, matairi yamepasuka, na hakuna anayeliendesha. Hayo tuyajadili. Lakini tusiuze kwa kisingizio kwamba limekufa.

Mpwa wangu, aliyekulia London, aliniuliza maana ya gari "kushika". Nilimweleza huku injini ikinguruma.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa aje Jumatatu. Nimemwomba dada amwahirishe. Anayetaka kuuza na aje kwanza, aukae usukani, ageuze ufunguo mwenyewe.