Acheni kumcheka mama anayeangalia nyumba zinazouzwa

1/
Mama zangu wa hapa Lukozi na wa kwingine! Leo mnisamehe, nina hasira kidogo. Juzi nimetoka zamu ya usiku, niko kwenye Hiace narudi nyumbani, naangalia kwenye simu nyumba inayouzwa Tanga mjini. Kaka wa pembeni kachungulia, akacheka: "Sista, kwa mshahara wa nesi?" Gari zima likacheka. Nikazima simu. Najuta kuizima, ndo maana naandika.

2/
Kaka, sinunui. Hela hiyo sina mwaka huu wala mwakani. Naangalia tu. Mwanaume akikaa kijiweni kubishana bei ya Fuso ambayo hatainunua maisha yake yote, anaitwa mjuzi wa magari. Mama akiuliza bei ya kiwanja, ana tamaa, anamdharau mumewe. Kwa nini?

3/
Njoo kliniki ya wajawazito. Mama ana mimba ya miezi minne, namuuliza: utajifungulia wapi? Nani atakusindikiza? Hela ya usafiri umeanza kuweka? Nani atakutolea damu ikihitajika? Hakuna anayemcheka kwamba uchungu bado. Asiyejiandaa ndo anahangaika usiku, mvua inanyesha, barabara zetu za milimani zinateleza. Na nyumba ni hivyo hivyo. Siku umeshika hela mkononi si siku ya kuanza kujifunza. Siku hiyo wewe una haraka, na dalali ana haraka kuliko wewe.

4/
Kinachoniuma ni hiki. Mama anajua uzito wa mtoto wake wa kila mwezi, tarehe za chanjo kazikariri. Muulize karatasi ya mauziano ya pale mnapoishi ina jina la nani. "Baba ndo anajua." Baba akifariki, au akioa kwingine, mama anaanza kuuliza siku ya matanga, mbele ya mashemeji. Nimeyaona haya, si mara moja.

5/
Mimi kuangalia kumenifundisha. Kila tangazo lilinipa swali, nikatafuta jibu. Nikajua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako. Nikajua kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Nikajua ardhi ya kijiji mauziano yake yanapita halmashauri ya kijiji, hayaishii kwa dalali na mashahidi wawili wa barabarani. Chuo cha uuguzi hawakunifundisha hayo.

6/
Sasa na nyie mama zangu, tusemane ukweli. Kama una mtoto anayenyonya na saa nane usiku bado unaangalia majumba, weka simu, lala. Kama umeanza kumnunia mumeo kwa sababu ya jiko la mtu usiyemjua, weka simu. Na dalali akikuomba "kishika uchumba" hata hujakanyaga hapo mahali, eti kuna watu watano wanapagombania, mwachie hao watano. Angalia, uliza, andika bei kwenye daftari. Hela usitume.

7/
Kina baba, mkeo akiangalia nyumba hajakutukana. Kaa naye, mwangalie wote. Anawaza watoto wenu watalala wapi wakiwa wakubwa, wewe unamcheka.

8/
Kesho nikipanda Hiace, simu siizimi. Na wewe unayesoma, nakuachia swali moja: karatasi za hapo mnapoishi ziko wapi, na zina jina la nani? Usinijibu hapa. Nyanyuka, kaangalie.