Mpingo Usitoke Kijijini kwa Bei ya Kuni

Ndugu zangu wa Kilwa, Liwale, Nachingwea na Tunduru, nawaandikia kuhusu mti mnaoupita kila siku mkienda shamba. Kwa macho mpingo hauvutii: ni mfupi, una miiba, shina lake limepindapinda. Thamani yake imo ndani, katika kile kiini cheusi ambacho Wamakonde wamekichonga vinyago vinavyojulikana dunia nzima, na ambacho mafundi wa Ulaya hukitengenezea klarineti na obo.

Kiini hicho hakiji haraka. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo anayekata leo anavuna alichotunziwa na babu wa babu yake. Tena magogo mengi yana nyufa au uwazi ndani, na sehemu ndogo tu ya kila gogo ndiyo inayofaa kuwa ala ya muziki. Wachongaji wa Ukambani, Kenya, wanaujua uchungu wa kuupoteza: mpingo ulipoadimika kwao, wengi walihamia mwarobaini na jakaranda.

Tangu Januari 2017, mpingo na jamii yake yote imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Biashara haikufungwa. Gogo au ubao unaovuka mpaka unatakiwa uwe na kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake hauhatarishi uhai wa mti huo porini. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo, lakini magogo na mbao bado zimo. Ni mkataba mzuri, nauunga mkono, ila kazi yake inaanzia bandarini na mpakani. Porini mlinzi ni mwanakijiji.

Na mwanakijiji amepewa nguvu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kupanga kiasi cha kuvuna, kuuza na kubaki na mapato. Kikole na Kisangi, vijiji vya Kilwa, vilifanya hivyo hadi mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi wa mbali kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Mzee wa Kikole hana uchawi ambao kijiji chako hakina.

Basi mchongaji, usipokee gogo lisilogongwa nyundo ya alama ya uvunaji halali hata likiwa rahisi. Mkulima, usiache moto wa kusafishia shamba uingie msituni mwishoni mwa kiangazi, kwani unaua miche. Mnunuzi wa kinyago mjini, muulize muuzaji mpingo wake umetoka msitu gani. Nawe mwanakijiji, katika mkutano mkuu ujao nyoosha mkono, uiulize serikali ya kijiji: msitu wetu utatengwa lini?