Jicho jekundu halijaua mtu

NENO LA STESHENI
Na Kulwa Maganga

Jumatano nilikuwa stesheni ya Goweko nikisubiri treni ya kwenda Tabora. Mnaosafiri kwa reli ya kati mnajua kusubiri ni nini, kwa hiyo hilo sitalieleza. Malalamiko yangu kuhusu ratiba mmeyasoma hadi mhariri ameniomba nimhurumie. Wiki hii nina hasira nyingine.

Karibu yangu alikaa mama mmoja, kitenge kipya, begi, ndoo ya asali na mtoto wa mwaka mmoja hivi mgongoni. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha saa nane mchana ambacho hakina sababu wala dawa. Ng'ambo kidogo, chini ya mwembe, palikuwa na bibi mmoja na sinia lake la matobolwa ya viazi vitamu. Bibi wa kawaida kabisa: kanga mbili zisizofanana, kandambili, meno ya kuhesabika, na macho mekundu. Mekundu hasa, yanayotoa machozi bila kulia, kope zimekunjamana. Alipoona mtoto halali wala hanyamazi, akachagua tobolwa laini kuliko yote siniani, akajiinua kwa shida ya magoti, akaja kumpa. Mtoto akanyamaza, akanyoosha mkono.

Mama akageuka. Akauona ule mkono, kisha akayaona yale macho. "Usimguse mwanangu!" Akampiga mtoto kiganjani, tobolwa likaanguka vumbini, akavuta kanga akamfunika mtoto uso mzima katika jua lile. Kijana mmoja wa bodaboda akacheka, akasema kwa sauti ya kutusikilizisha wote: "Umefanya vizuri, mama. Huyaoni macho?" Watu wazima tuliokuwa pale, wengine tuna wajukuu, tukakagua viatu vyetu.

Bibi aliinama, akaokota tobolwa lake, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akarudi mwembeni. Hakujitetea, hakununa, hakushangaa. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu hawezi kunyamaza vizuri hivyo kama hajapata mazoezi ya muda mrefu.

Haikupita robo saa, mama yule yule akabanwa, akataka kwenda msalani. Begi, ndoo ya asali na huyo mtoto aliyelindwa kwa makofi, alimkabidhi nani? Kijana mwingine aliyekuwa amefika muda huo huo, shati jeupe, ndevu zimechongwa, tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Hawajuani. Hakumuuliza jina wala aendako. "Kaka yangu, niangalizie hapa." Kaka akaangalizia.

Kama mnangoja niwaambie kaka alitokomea na asali, mmetazama sinema zetu kupita kiasi. Mama alirudi akakuta kila kitu mahali pake, akashukuru, wakacheka. Kijana ni mtu mwema, au siku ile alikuwa mwema. Mimi sijui na mama naye hakujua. Siwatuhumu wenye sura nzuri. Ninachosema ni kwamba mama yule alikata kesi mbili mfululizo, moja ya kumwamini mgeni hadi kumwachia mwanawe, nyingine ya kumnyima bibi hata ruhusa ya kutoa kiazi, na katika kesi zote mbili shahidi alikuwa mmoja tu: ngozi ya uso.

Wasomaji wa zamani mnamjua Doto, pacha wangu. Tulifanana hadi mama alimfunga uzi mkononi ili asimnyonyeshe mmoja mara mbili. Uso ni mmoja, lakini Doto anadaiwa Igalula, anadaiwa Goweko, anadaiwa Nyahua, na kuna deni la baiskeli ambalo bado halijalipwa tangu uchaguzi wa 1995. Mimi nadaiwa na mhariri peke yake. Kila nikishuka kwenye treni kuna mtu ananikunjia sura kwa niaba ya Doto, na kuna wengine wanaomkopesha Doto kwa sababu wamesoma safu hii. Uso ungekuwa cheti cha tabia, mmoja wetu angekuwa ameghushi.

Nilimfuata bibi mwembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chukua, ya leo haya."

Nikachukua ya elfu moja, nikamuuliza kama macho yanamsumbua. Akasema yanawasha tangu zamani. "Moshi, baba. Jiko langu halina pa kutokea moshi, na kuni nazookota ni hizo hizo mbichi. Nimepika tangu sijavunja ungo." Kisha akauliza treni imefika wapi. Kwake habari ya macho ilikuwa imekwisha.

Kwa ukanda wetu haijawahi kuisha. Simeon Mesaki, mtaalamu wa anthropolojia aliyechunguza mauaji ya washukiwa wa uchawi nchini, alinukuu hesabu za serikali zinazosema kati ya 1970 na 1984 waliuawa watu 3,693 Tanzania Bara. Wanawake walikuwa 2,286. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu 765 kwa mwaka 2013 pekee, na wanawake 505. Anayedhani hayo ni mambo ya Usukumani, aje kwetu: Julai 2017, kijiji cha Undomo, wilayani Nzega, mkoa huu huu wa Tabora, wanawake watano waliuawa kwa siku moja kwa tuhuma za uchawi.

Hesabu hizo haziandiki rangi ya macho ya marehemu. Lakini simamisha mtoto yeyote wa darasa la tatu kati ya Goweko na Kahama, mwambie akuchoree mchawi. Atakuchorea mwanamke, atamzeesha, kisha atatafuta kalamu nyekundu.

Sasa tuingie kwenye bani la tumbaku. Watu wa Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua mnajua kukausha tumbaku. Moto wa kuni unachochewa usiku na mchana, karibu wiki nzima, na mchocheaji halali, maana joto likishuka jani linaharibika na deni la pembejeo linabaki pale pale. Mwanamume akitoka hapo macho yake ni makaa. Akienda sokoni kwenye chama cha msingi na macho hayo, watu wanasema huyo ndiye mkulima. Mrina asali anapulizia mzinga moshi na nusu yake inamrudia machoni. Tunasema huyo ndiye fundi. Mlevi wa wanzuki ana macho ambayo bibi wa mwembeni hayafikii hata robo, na yeye tunamwita mzee wetu mchangamfu na kumpa usukani wa pikipiki. Kuni ni zile zile za miombo, moshi ni ule ule. Ukiingia kwenye jicho la mwanamume ni jasho, ukiingia kwenye jicho la mwanamke mzee ni uchawi.

Na moshi una mwenzake. Trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope, inaletwa na vijidudu vinavyobebwa na mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye macho machafu. Maambukizo yakijirudia miaka mingi, kope hugeukia ndani na kuikwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Inatibika kwa dawa, na kope iliyogeuka inarekebishwa kwa upasuaji mdogo. Duniani kote ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na sababu iko wazi: vijidudu vinakaa zaidi kwa watoto wadogo, na wanaowafuta watoto kamasi ni wanawake. Sijui kama macho ya bibi yule ni vikope au ni moshi mtupu. Mimi si daktari. Lakini wapo mabibi waliochukua wekundu huo kwa kulea, halafu wekundu huo huo unatumika kuwazuia wasiguse mtoto.

Mtaniambia hili ni giza la vijijini, wenzetu wameelimika. Thubutu! Mwaka 1876 Mtaliano mmoja, Cesare Lombroso, daktari kabisa, alichapisha kitabu akidai mhalifu wa kuzaliwa anatambulika kwa taya, masikio na paji la uso. Ulaya ikampigia makofi. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo uliwatosha kuamua nani wa kuaminika, na walipoongezewa muda uamuzi wao haukubadilika sana, ila walizidi kuuamini. Mwaka 2015 watafiti wengine walichukua picha za wafungwa wa mauaji wa jimbo la Florida, wakakuta waliohukumiwa kifo walionekana na watu kuwa na sura zisizoaminika kuliko waliopewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mama wa Goweko ana wenzake hadi kwenye baraza la mahakama la Marekani. Tofauti ni kwamba huko mtu husomewa mashtaka kwanza.

Na kwenye njia yetu hii ya misafara, macho yaliyostahili kuogopwa yalipita yakakaribishwa. Hamed bin Muhammad, yule Tippu Tip ambaye baba yake alikaa hapa Tabora, wapo wasemao jina lake lilitokana na macho yake kupepesa. Mwenyewe alidai ni mlio wa bunduki zake. Alipita na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, akafanya biashara na kila mwenye mamlaka, akafia Unguja mwaka 1905 akiwa tajiri. Hakuna aliyemwita mchawi kwa kupepesa. Mwenye bunduki hana kasoro usoni.

Hapo ndipo kiini kilipo, na nitakisema bila kuzunguka. Jicho jekundu linaonekana zaidi kwa mtu asiye na wa kumtetea. Mjane mwenye watoto wa kiume watano nyumbani ana macho ya kawaida tu, hata yakiwa mekundu namna gani. Mjane wa peke yake mwenye shamba la ekari tano kando ya barabara, wekundu wake huongezeka kila msimu, na wa kwanza kuuona huwa ni mtoto wa shemeji. Ng'ombe akifa, mtoto akiharisha, mwanamume asipopata kazi, anatafutwa mganga wa ramli. Mganga naye ana watoto wa kulisha; hawezi kukuambia umekunywa maji ya kisima kichafu, kwa maelezo hayo hutamlipa kitu. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anakuambia adui yako ni mtu wa karibu, ni mwanamke, ni mzee. Hataji jina. Jina unalitaja mwenyewe ukifika nyumbani, kwa kutazama nani amekaa jikoni na macho yake.

Wahenga hawakuwa na Princeton lakini walituachia uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunaisema harusini, tunaicheka, halafu tunapanda treni na kumpa mkakasi mtoto atushikie.

Najua barua zitakuja. Msomaji wangu wa Sikonge, yule mwenye wino wa kijani, ataandika kwamba Kulwa hajui uchawi upo. Bwana mkubwa, tuachane na kama upo au haupo. Hata ukiwapo, nani alikuambia unakaa kwenye mboni? Ungekaa kwenye mboni, hospitali ya macho ingekuwa kituo cha polisi.

Sasa maombi yangu, mafupi. Wenyeviti wa vijiji, acheni ile mikutano ya kupigia kura "wanaosumbua kijiji". Mnajua karatasi zile zinaandikwa majina ya nani. Vijana mliokwenda Dar es Salaam na Mwanza, mnawatumia bibi zenu kanga kila Desemba. Safari hii pelekeni fundi akatoboe dirisha jikoni na kujenga jiko lenye bomba la moshi, kisha mpelekeni bibi zahanati akatazamwe kope. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika bila moshi ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Lakini mabibi wa Goweko si watu wa kusubirishwa miaka kumi. Wengi wao hawana hiyo miaka, na baadhi wataondolewa mapema na majirani.

Na wewe mama wa kitenge kipya, kama unasoma: mwanao alikuwa na njaa. Na kwa wanaokwenda mbali zaidi ya kumfunika mtoto uso: kuua kwa kukusudia kunakatazwa na kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake, kifungu kinachofuata, ni kifo. Nimevisoma vyote viwili. Hakuna mahali vinapouliza marehemu alikuwa na macho ya rangi gani.