Namba Kubwa Siyo Oili Bora

"Weka mia arobaini, mzee. Hiyo tisini ni maji tu." Maneno hayo nimeyasikia gerejini mara nyingi mno, na kila mara mwenye gari huitikia kwa kichwa na kutoa pesa. Imani imekwisha kukomaa: oili ya gia ikiwa nzito ndiyo imara, na namba kubwa kwenye dumu ndiyo bora. Ni imani potofu, na inatuulia giaboksi za manyuali ambazo zingedumu miaka mingi.

Tuanze na hizo namba. Tisini na mia arobaini ni vipimo vya uzito wa oili ikiwa ya moto, vilivyowekwa na SAE, chama cha wahandisi cha Marekani. Havipimi ubora. Tena kipimo cha oili ya gia si kile cha oili ya injini: tisini ya giaboksi, ikifika nyuzi 100, uzito wake unakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Anayelinganisha namba hizo moja kwa moja analinganisha kilo na ratili. Honda, kwa miaka mingi, iliandika oili ya injini ya 10W-30 kwa giaboksi za manyuali za magari yake mengi madogo, na gia hazikusagika.

Sasa tuingie ndani. Kila unapobadili gia, pete ya sinkronaiza, ambayo mara nyingi ni ya shaba, huibana koni ya gia hadi mizunguko ilingane, ndipo meno yaingiane bila kelele. Pete hiyo huishi kwa msuguano. Lazima iikamue oili iliyo kati yake na koni kwa kufumba na kufumbua. Oili nzito kupita kiasi haikamuki upesi, pete huteleza, gia hukwaruza. Mtazame dereva wa Njombe au Makete asubuhi ya Julai, anavyopigana na gia ya pili mpaka oili ipate moto. Akifika gereji anasema gia zimechoka, naye fundi anamwongezea uzito wa oili. Mgonjwa anapewa tena kilekile kilichomlaza.

Mimi nililipia somo hili. Giaboksi ya pikapu yangu ilianza kuvuma, fundi akaiwekea 140, mvumo ukapungua nikafurahi. Kumbe ilikuwa beringi inalia, na oili nzito iliiziba mdomo tu. Miezi michache baadaye beringi ilivunjika, ikala na gia zilizokuwa jirani. Lau tungeusikiliza ule mlio, ningenunua beringi moja.

Imani hii ina pacha wake dukani: "Chukua GL-5, GL-4 imepitwa." Tano haikuja kuifuta nne. Hayo ni madaraja ya kazi. GL-5 ilikusudiwa hasa difu, ambako meno ya pinioni na krauni hukandamizana huku yakiteleza, hivyo ina dawa za salfa na fosforasi nyingi zaidi, kwa kawaida karibu mara mbili ya GL-4. Kwenye giaboksi yenye pete za shaba, dawa hizo zinaweza kuila shaba oili inapopata moto, au kuifanya pete iteleze pale inapotakiwa kushika. Wapo watengenezaji wanaokubali GL-5 kwenye giaboksi zao, na zipo oili zilizotengenezwa zisidhuru shaba. Basi hilo liamuliwe na kitabu cha gari, si kwa sababu tano ni kubwa kuliko nne. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Najua jibu la mafundi wakongwe: "Miaka ishirini tunaweka 140 na magari yanatembea." Nawaheshimu, maana wengi wao walijifunzia kwenye malori ya zamani yasiyo na sinkronaiza, na mengine oili nzito iliandikwa kitabuni. Lakini gari kutembea si ushahidi. Pete ya shaba hailiki kwa siku moja, na ikija kuisha hakuna anayekumbuka oili iliyowekwa mwaka juzi. Lawama humwangukia dereva, eti hajui klachi.

Giaboksi nyingi za magari madogo huhitaji lita mbili tatu tu za oili. Kwa kiasi hicho hakuna sababu ya kubahatisha. Fungua kitabu cha gari, tafuta uzito na daraja, kwa mfano 75W-90 GL-4, uandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boneti. Fundi akikuambia hiyo ni maji, mwonyeshe maandishi, kisha simama hapo mpaka nati ya oili ifungwe.