Magari 7 kati ya 93: Somo la Safari Rally kwa wakulima wa zabibu Dodoma

MWAKA 1968 mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki ziliweka rekodi ambayo bado inazungumzwa. Magari 93 yalianza, yakamaliza 7 tu, sawa na gari moja kati ya 13. Mwaka 1963 nako yalimaliza magari 7, lakini kati ya 84.

Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, akiwa na msaidizi wake Paddy Cliff. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, aina iliyotumiwa na familia nyingi kwa safari za kawaida.

Kilichoamua matokeo ni matope na maji ya msimu wa Pasaka. Mbio za Indianapolis 500 za Marekani hukimbizwa kwenye lami, na mvua ikinyesha husimamishwa. Safari iliendelea mvuani, na hadi mwaka 1972, aliposhinda Hannu Mikkola wa Finland, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Waliozijua njia ndio waliofika.

Katika miaka ya 1970 mbio hizo zilibaki Kenya peke yake, na mwaka 2021 zilirejea kwenye ubingwa wa dunia. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 1968 inaendelea kila masika katika uwanda wa kati wa Tanzania, na anayeilipa ni mkulima.

Ni kweli kwamba barabara kuu zimeboreshwa. Lami za Dodoma hadi Babati na Dodoma hadi Iringa zilizinduliwa mwaka 2018. Tatizo liko kati ya shamba na lami, kwenye mbuga za udongo mweusi na makorongo yanayokauka miezi mingi kisha kujaa kwa saa chache.

Alizeti na mtama huvunwa mvua zikiwa zimekatika, na vinaweza kusubiri ghalani. Zabibu haziwezi. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Februari na Machi huangukia wakati ambao njia za vijijini ni mbovu kuliko wakati wowote.

Chukua mfano wa hesabu. Gari linalokodiwa kwa Sh200,000 kwa siku likifanya safari mbili za kilo 2,000 kila moja, usafiri wa kilo moja ni Sh50. Likikwama na kufanya safari moja, unakuwa Sh100. Mnunuzi hukata tofauti hiyo kwenye bei ya shambani, tena huikata mapema, hata siku ambayo gari halikukwama.

Aidha, wanunuzi wengine hawaji kabisa. Anayebaki mmoja hupanga bei anayotaka, kwa sababu anajua zabibu zilizokwishakatwa haziwezi kungoja wiki ijayo. Ndiyo maana kumlaumu dalali peke yake hakutoshi.

Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, wakati TANROADS inashughulikia barabara kuu na za mikoa. Fedha haziwezi kutosha kuweka lami kila kijiji, na si lazima. Korongo moja lisilopitika hufunga barabara nzima, hata kama kilomita nyingine zote ni nzuri.

Kwa hiyo kipaumbele kinapaswa kuwa makalavati, mitaro na tuta la changarawe kwenye sehemu chache zinazokwamisha magari, zikichaguliwa kwa kuangalia uzito wa mazao yanayopita hapo. Madereva na wakulima wanazijua sehemu hizo kwa majina.

Kazi hiyo ikamilike kabla ya mvua za Desemba. Greda likipelekwa Aprili, mavuno ya masika yatakuwa yameshauzwa kwa bei ya kutupa.