Kuchomoa kwa haraka si kuchomoa ovyo

Na Rehema Kisanga

Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, Microsoft imeufanya utaratibu wa kuchomoa kwa haraka kuwa chaguo-msingi kwa diski za nje, na watumiaji wengi wameyachukulia mabadiliko hayo kuwa ruhusa ya kuvuta waya wakati wowote. Dhana hiyo ni ya hatari.

Chimbuko la suala hili ni akiba ya uandishi, yaani sehemu ya kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huhifadhi data zinazosubiri kuandikwa kwenye diski. Kwa utaratibu wa zamani, dirisha la kunakili liliweza kufungwa na mtumiaji akaamini kwamba kazi imekwisha, ilhali sehemu ya faili ingali ndani ya kompyuta. Utaratibu mpya hupunguza hatari hiyo, lakini hauizuii programu iliyofungua faili kuendelea kuiandika.

Mfumo wa faili, yaani mpangilio unaoonyesha kila faili ilipo, nao una mipaka yake. NTFS huweka daftari la mabadiliko na kwa hiyo huweza kurekebisha mpangilio huo baada ya kukatizwa, ingawa haurejeshi maudhui ambayo hayakuwahi kuandikwa. ExFAT, unaotumika sana kwenye diski za nje, hauna daftari hilo. Isitoshe, katika diski za nje zenye sahani, sahani hizo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku vichwa vya kusomea vikielea nanomita chache tu juu yake, hivyo diski inayoinuliwa kabla sahani hazijatulia huweza kukwaruzwa.

Kwa hiyo, amri ya kuondoa kifaa kwa usalama, iliyo karibu na saa kwenye skrini, ni swali kwa kompyuta: je, kuna kazi iliyobaki? Ikijibu kwamba kifaa bado kinatumika, jibu hilo liheshimiwe kwa kufunga programu zote au, ikishindikana, kwa kuizima kompyuta kabisa badala ya kuilaza. Ofisi zinazotunza taarifa za wanafunzi au wagonjwa kwenye diski hizo ziuingize utaratibu huu katika kanuni za nyaraka, sambamba na nakala ya pili, wala zisimwachie uamuzi mfanyakazi anayewahi daladala.